Msimsahau Saada

(Hotuba hii niliitoa Tanga, mbele ya walimu wa Kiswahili, waandishi chipukizi na wasomaji wa hadithi za kisayansi. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha. Maneno ni kama yalivyotamkwa.)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Walimu wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimepewa swali moja la kuzungumza nanyi alasiri hii, nalo hugombaniwa popote wasomaji wa hadithi za kisayansi wanapokutana: shujaa wa hadithi hizi awe mtu wa kawaida, mtu kama mimi na wewe, au awe kiumbe aliyepita kimo cha binadamu? Natoa jibu langu mapema ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Nataka awe mtu wa kawaida. Sisemi mtu dhaifu. Sisemi mtu asiyejua kitu. Nasema mtu ambaye uwezo wake, hata uwe mkubwa namna gani, ameupata kwa kujifunza, kwa kutafuta, kwa kuthubutu. Uwezo ambao msomaji akiutamani, njia ya kuufikia iko wazi mbele yake.

Nalisema hili nikiwa Tanga, na nalisema kwa fahari. Shaaban Robert alizaliwa huku kwetu, Vibambani, mwaka 1909. Mwaka 1951, tukiwa bado chini ya Waingereza, akatoa Kusadikika. Walimu mnakijua kitabu hiki kwa ghibu. Vijana wengi mmekisoma kwa ajili ya mtihani, na kitu kinachosomwa kwa ajili ya mtihani aghalabu hakionekani vizuri. Basi kitazameni upya. Nchi nzima iko angani! Inaelea, na watu wanaishi ndani yake, wana mfalme, wana mawaziri, wana magereza. Je, ndani ya nchi hiyo ya ajabu, shujaa ni nani? Ni Karama. Karama anaruka? Haruki. Karama anapigwa mshale usimwingie? Hakuna mshale. Karama amesimama mbele ya baraza akiwa mshtakiwa, kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria, na anayemshitaki ni waziri, Majivuno. Alichonacho ni hoja, na habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakaishia kifungoni. Anazisimulia habari hizo siku baada ya siku mpaka waliokuja kumhukumu wanaanza kujitazama wenyewe.

Sisemi Shaaban Robert aliandika bunilizi ya kisayansi kwa maana tunayoitumia leo. Mle hamna mtambo wala maabara. Chombo cha angani kilikuja baadaye, mwaka 1995, Katama Mkangi wa Kenya alipochapisha Walenisi, na humo pia anayerushwa angani, Dzombo, ni mtu aliyehukumiwa kifo na wakubwa wa nchi yake. Hakuzaliwa na nguvu zozote. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba shujaa wa kawaida ndani ya ulimwengu usio wa kawaida ni mtindo wa kigeni tunaoiga, namrudisha kwenye rafu yetu wenyewe.

Sasa twendeni Uingereza, mwaka 1898. H. G. Wells anachapisha The War of the Worlds. Wakazi wa sayari ya Mirihi wanaivamia dunia. Na anayetusimulia ni nani? Hatujui hata jina lake. Anaishi karibu na mji wa Woking, ana mke, anaandika makala, na katika siku zilezile ambazo uvamizi unaandaliwa juu ya kichwa chake, linalomshughulisha ni kujifunza kuendesha baiskeli. Baiskeli, ndugu zangu! Dunia inakaribia kupinduka, na mtu wetu anahangaika asianguke barabarani.

Vyombo vinashuka. Inainuka mitambo ya miguu mitatu, mirefu kupita nyumba, yenye mwale wa joto unaochoma watu na miti kwa pamoja. Jeshi la dola kubwa kuliko zote za wakati ule linapeleka mizinga yake, linateketea. Shujaa wetu anafanya nini? Anakimbia. Anajificha. Anakwama siku nyingi ndani ya nyumba iliyobomoka, yeye na kasisi aliyerukwa na akili, na analolifanya mle ndani linamtesa moyoni baadaye. Hamuui hata mvamizi mmoja. Mwishowe wavamizi wanakufa kwa vijidudu vya maradhi ambavyo miili yetu imevizoea na miili yao haikuwahi kukutana navyo.

Kwa nini kitabu kile kinasomwa mpaka leo? Mimi nasema ni kwa sababu ajabu yote imewekwa upande mmoja. Ajabu iko angani, iko kwenye mitambo, iko kwenye moshi mweusi unaotambaa mabondeni. Upande wa pili amesimama mtu anayeogopa kama wewe ungeogopa. Ukiliweka jambo la ajabu mbele ya mtu wa ajabu, nani atashangaa? Nani atatetemeka? Nani atatuambia mwale ule unaunguza namna gani, ikiwa ngozi ya shujaa haiungui?

Kuna jambo zito zaidi, na naomba tulitulie. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawakumbusha wasomaji wake habari za wenyeji wa Tasmania, waliofutwa na wahamiaji kutoka Ulaya katika muda wa miaka 50. Alitaka Mwingereza aliyekaa sebuleni kwake aonje kuvamiwa na watu wenye silaha asizozielewa. Pangani si mbali na hapa tulipo. Desemba 1889, hata miaka 10 haijapita kabla ya kitabu hicho, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim palepale Pangani, baada ya meli zao za kivita kuipiga pwani hii mizinga. Waliokuwepo hawakuhitaji kitabu kuijua hisia hiyo. Mwingereza aliihitaji. Na angeikosa kabisa kama Wells angetuma shujaa mwenye mbawa aje kuwaokoa wote katika ukurasa wa mwisho.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu. Wanaotaka shujaa mkuu kuliko binadamu si watoto, wala hawaukimbii ukweli. Naomba niiseme hoja yao kwa uzuri wake kabla sijaijibu.

Mwaka 1938 Superman alitokea kwa mara ya kwanza katika jarida la katuni huko Marekani. Waliombuni walikuwa vijana 2 wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa familia za Kiyahudi zilizohamia Amerika. Uchumi ulikuwa umeanguka, kazi hakuna. Mwaka 1932 baba yake Siegel, mwenye duka la nguo, alifariki jioni ambayo wezi walimwingilia dukani. Halafu mtoto wa mtu huyo anakaa chini na rafiki yake, wanabuni mtu ambaye risasi haimpati. Kilichokuwa moyoni mwake anakijua yeye. Lakini nani kati yetu aliyefiwa hivyo asingetamani mtu wa namna hiyo awe jirani jioni ile?

Aliyeonewa humtamani mwenye nguvu, na ana haki. Mwaka 2018 filamu ya Black Panther ilipotoka, kumbi zilijaa katika miji mingi ya Afrika, watu wakaenda wamevaa vitenge na vilemba. Watu weusi walikuwa wamechoka kuonekana kama wapita njia katika filamu za wakati ujao, na hapa palikuwa na mfalme, palikuwa na mji wenye treni na vyombo vya kuruka ambao haukuwahi kutawaliwa na mgeni. Je, niwaambie wale waliolia kwa furaha kwamba wangepaswa kuridhika na hadithi ya karani? Siwezi. Mtu aliyenyimwa ukuu kwa karne nyingi usimhubirie unyenyekevu siku anapouona.

Lakini tazameni vizuri. Siegel na Shuster hawakumwacha Superman peke yake. Walimpa sura yake ya pili, Clark Kent, mwandishi wa gazeti mwenye miwani, kwa sababu walijua msomaji anahitaji mlango wa kuingilia. Na kuhusu Black Panther, binti wa dada yangu, aliyekuwa darasa la sita wakati ule, hakutoka ukumbini akimtaja mfalme. Alitoka akimtaja Shuri, dada wa mfalme. "Mjomba, vile vitu amevitengenezaje?" Swali hilo tulikaa nalo nyumbani siku nyingi. Mfalme alipata nguvu zake kwa kunywa dawa ya ua ambalo si la kila mtu. Shuri alikuwa na maabara. Maabara inaweza kujengwa, ndugu zangu. Inaweza kujengwa Tanga.

Na sisi pwani tunaye wetu. Tunaye Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na habari zenyewe ni za kale kuliko hapo. Liyongo ni jitu. Mshale haumdhuru, mkuki haumdhuru. Kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba, tena ichomwe kitovuni. Sasa mtu wa namna hii mnadhani alitokaje gerezani? Kwa kupasua ukuta? Kwa kuwapigisha walinzi chini? Hapana. Alikuwa mle ndani, miguu minyororoni, na nguvu zake zote hazikumfaa kitu.

Kila siku kijakazi Saada alimletea chakula kutoka kwa mama yake, na kila siku walinzi walikitwaa kile kizuri wakala wao. Liyongo akatunga maneno ya fumbo, akamwimbia Saada ayapeleke kwa mama: atengeneze mkate mzuri, atengeneze na mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Saada akayashika maneno yale kichwani, akayafikisha. Akarudi na mikate. Walinzi wakautwaa mkate mzuri, wa wishwa wakamwachia mfungwa wao. Kisha Liyongo akaomba ngoma ipigwe nje, watu wacheze, na ndani ya kelele zile akakereza minyororo mpaka ikakatika.

Utenzi unamsifu Liyongo, na anastahili. Mimi kila nikifika hapo nasimama kwa Saada. Yeye ni mtumwa. Hana ukoo wa kumtetea, hana kitovu chenye siri, hana chochote ila kumbukumbu yake na miguu yake. Tupa ikianguka kutoka kwenye ule mkate mlangoni, Liyongo atabaki kuwa Liyongo, chuma hakimwingii. Saada je? Nani pale mwenye ujasiri zaidi? Yule ambaye chuma hakimwingii, au yule ambaye chuma kitamwingia na bado anapiga hodi?

Na mwisho wa Liyongo mnaujua. Alichomwa na mwanawe wa kumzaa. Akaenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye upinde, roho ikatoka akiwa hivyo. Watu hawakujua kwamba amekufa. Siku zikapita, kisima kiko pale, maji yapo, mji mzima una kiu, hakuna anayethubutu kusogea, wanaogopa maiti. Tafsiri yangu ni hii, na mwenye nyingine anayo haki: nguvu zote za mji zikiwekwa ndani ya mtu mmoja, watu wengine wanasahau kwamba wao nao wana mikono.

Msimsahau Saada. Nitalirudia. Mnapoandika, msimsahau Saada.

Sasa niruhusuni niwapandishe milima ile pale, Usambara, hadi shule ya sekondari ya Magamba, wilaya ya Lushoto. Ni mwaka 1963. Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu, na wanafunzi wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi za friji zinagombaniwa. Mwenzake mmoja anaona zinakwisha, anachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, anawahi. Mpemba ameshachemsha ya kwake. Akingoja yapoe, nafasi imekwenda. Anayaingiza yakiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu hivi wanafungua kutazama. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia: imekuwaje? Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wangapi kati yetu tungeishia hapo? Mwalimu amesema, kitabu kimesema, basi macho yangu ndiyo yaliyokosea. Mpemba hakuishia hapo. Aliendelea kuchunguza na kuuliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, darasa likawa linasoma jinsi vitu vinavyopoa, akauliza tena. Jibu alilopata yeye mwenyewe alilihifadhi kwa maandishi: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakalidaka. Akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Wengi mliopo hapa ni walimu. Nadhani mnajua kejeli ya namna hiyo inaweza kumfanya nini mtoto.

Siku moja shule ikapata mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wakati wa maswali Mpemba akasimama. Mbele ya walewale waliokwisha kumcheka, akasimama! Akauliza: ukichukua maji ya kiasi kimoja katika vyombo 2 vinavyofanana, kimoja kikianza na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukayatia kwenye friji, yale ya nyuzi 100 yanaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake walikereka, waliona anawaaibisha. Osborne akamtaka arudie swali, kisha akaahidi kwamba atajaribu mwenyewe.

Akarudi Dar es Salaam, akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mnalisikia hilo? Jibu limo mikononi mwake, na bado anangoja jibu sahihi. Wakarudia, wakarudia, na majibu yakaendelea kuunga mkono alichosema mwanafunzi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba limetangulia. Yeye wakati huo alikuwa amekwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori kule Mweka, Moshi. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina lake, na wanafizikia wangali wanalibishania. Wako wanaosema linatokea katika hali fulani tu, wako wanaolikataa kabisa.

Nawauliza: nguvu ya Mpemba ilikuwa nini? Alizaliwa na damu ya pekee? Alitabiriwa? Alikunywa maji ya kisima kitakatifu? Aliona kitu, akakataa kuambiwa hakukiona. Basi. Na hata ubishi unaoendelea juu yake unaendelea kwa njia hiyohiyo: mtu popote alipo, awe Oslo awe Bukavu, anachukua vyombo 2 na friji, anajaribu mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Utendi, kama ule wa Liyongo, unatuambia habari za mtu aliyekuwepo ambaye hatakuwepo tena mwingine. Hiyo ndiyo kazi yake, na unaifanya vizuri. Bunilizi ya kisayansi imejifunga na sayansi, na sayansi ina sharti moja kali: akiweza mmoja, wengine wakifuata njia yake nao waweze. Kitu anachokiweza mtu mmoja peke yake, kwa sababu ya kuzaliwa kwake, tukiite muujiza. Mwandishi anayeniletea chombo cha angani, roboti na sayari ya mbali, kisha akanitatulia mgogoro kwa damu ya kifalme ya mhusika mkuu, amevaa nguo za sayansi tu. Ndani ni utendi. Aseme hivyo, nitamsoma kama utendi, kwa mapenzi yote.

Kuhusu mteule aliyetabiriwa sitakaa sana. Frank Herbert aliandika Dune mwaka 1965, na shujaa wake, Paul Atreides, ni tunda la vizazi vingi vya kuchaguliana ndoa ili apatikane mtu mmoja wa pekee. Wasomaji wengi walimpenda Paul. Herbert alisema wazi kwamba alikusudia kuwaonya watu juu ya viongozi wenye mvuto mkubwa, na katika kitabu kilichofuata, mwaka 1969, akaonyesha maangamizi yaliyofanywa kwa jina la mtu huyo. Sisi wa sehemu hizi tumekaa sana tukimngoja mtu mmoja atakayekuja kunyoosha mambo yote. Sihitaji kutaja nchi. Vijana wakisoma hadithi 20 za mteule, watangoja ya 21, hawatajiuliza kwa nini wao wenyewe hawafanyi kitu.

Nina neno kwa waandishi, hasa nyinyi mlioniletea miswada asubuhi. Mtu wa kawaida si mtu mtupu. Mswada unanipa mhusika ana jina, halafu basi. Hana kazi, hana deni, hana mama anayempigia simu, hana lafudhi. Huyo si mtu wa kawaida, huyo hayupo. Mtu wa kawaida ana kazi, na kazi ndiyo inayomfundisha kuona.

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu fupi, Pumzi, ya dakika 20 hivi. Dunia imekauka baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani, wamejifungia, umeme wanautoa kwa miili yao kwenye mashine za mazoezi, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Asha anafanya kazi makumbusho. Siku moja analetewa udongo, haijulikani umetoka kwa nani. Anaupima, anakuta una unyevu. Anatia mbegu kuukuu ya makumbusho, mbegu inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje kutafuta udongo ule ulikotoka, wakubwa wanamkatalia, wanamwadhibu. Mhudumu wa chooni, ambaye Asha alikuwa akimgawia maji yake kidogo, ndiye anayemsaidia kutoroka. Mnamwona Saada hapo? Mimi namwona! Asha anatembea jangwani na mche wake mkononi, anaupanda, anaumwagia maji yake ya mwisho na jasho lake mwenyewe.

Tazameni kazi ya Asha inavyoibeba hadithi. Kwa kuwa ni mtu wa makumbusho, anajua udongo unapimwa vipi, anajua mbegu ni nini katika dunia isiyo na mti. Kama angekuwa askari mwenye misuli ya chuma, kile kifurushi cha udongo kingefika mezani kwake na kingebaki udongo.

Sasa nyinyi mna watu gani? Mnaye fundi simu wa Kariakoo, ambaye hana cheti, na anafungua simu iliyotengenezwa nchi ya mbali, anasoma njia za umeme kwenye ubao wake kwa lenzi, anaifufua. Mpelekeeni chombo kilichoanguka kutoka angani, mwone atakavyokigusa. Mnaye nahodha wa jahazi anayezijua kaskazi na kusi kwa ngozi ya shavu lake. Na mnao akina mama wa mwani, kule Paje na Jambiani, Unguja. Kwa miaka mingi wamepanda mwani kwa vigingi na kamba kwenye maji mafupi, wakifuata bamvua. Ule wa kotonii, wenye bei nzuri, wameuona ukinyauka na kufa maji yanapopata joto. Baadhi yao wamelazimika kujifunza kupanda kwenye maji ya kina, wanawake ambao wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Fikirini mama huyo. Bahari inabadilika joto miguuni pake, ameligundua kwa mikono yake, anatafuta mbinu, anajaribu, inashindikana, anajaribu nyingine. Mnahitaji kumwongezea nini? Msogezeni mbele miaka 80. Mpeni bahari iliyopanda mpaka mlangoni, mpeni mwani uliobadilika tabia, mpeni binti asiyetaka kurithi kazi ile. Mbawa za nini?

Mkiandika hiyo, nani ataniletea wa kwanza? Niko Tanga mpaka Jumapili, miswada naipokea, hata kurasa 3 zilizoandikwa kwa kalamu.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Niliwaona wawili watatu wakitikisa vichwa nilipomgusa Superman, na mwalimu mmoja pale nyuma aliinua mkono tangu nilipomaliza habari za Liyongo na hajaushusha. Kipaza sauti kiko hapo mbele. Mwalimu, karibu, anza wewe.